Mgongo Wakuwanga, Mama?

Nimestaafu. Funguo za chumba cha sindano nimemkabidhi binti ambaye, nilipoanza kazi, mama yake alikuwa bado anacheza kombolela. Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani, zawadi ya ajabu kidogo kwa mtu ambaye hana tena pa kuwahi, mkaniomba niwaandikie chochote cha kuwafaa ninyi mnaobaki. Mmoja wenu alipendekeza nianze na vyeo nilivyopanda. Vilikuwa vichache na vyote vilichelewa. Nitawaandikia juu ya neno moja, na juu ya aliyenifundisha neno hilo.

Nilifika Mwanza nikitokea Majita, na cheti changu cha uuguzi kimefungwa kwenye mfuko wa nailoni kisilowe. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilipangiwa zahanati ndogo upande wa Mkuyuni, na jina lake sitalitaja. Asubuhi ya kwanza wagonjwa waliniita daktari, kwa sababu nilikuwa mwanamume na koti langu lilikuwa jeupe. Bi Zainabu, aliyeijua kazi kuliko mimi na wenzangu wote wa chuo tukijumlishwa, walimwita nesi. Sikuwasahihisha haraka kama ilivyopasa.

Bi Zainabu alikuwa mtu wa pwani. Alikuja Mwanza kumfuata mume aliyekuwa akifanya kazi reli. Mume akafariki, yeye akabaki, akiishi peke yake Pasiansi katika nyumba ya vyumba viwili. Alikuwa mnene wa wastani, mwepesi wa mikono, na mdomo wake haukumwogopa mtu. Vifaa vyetu vilikuwa vichache: kipimajoto cha kioo kimoja kizima na kingine ambacho namba zake zilifutika, sufuria ya kuchemshia sindano, na meza ya kupimia mgonjwa iliyotengwa na benchi la wanaosubiri kwa pazia la kitambaa cha kijani. Sindano za kuchemsha zilikuwa zinaanza kuondoka. Enzi mpya ilikuwa imeingia, maduka ya dawa yalichipuka kila kona, na wagonjwa walifika na sindano na glavu zao wenyewe kwenye mfuko, kama watu waendao sokoni, ila wao walikuwa wanatoka huko.

"Mashine kubwa hapa ni swali," Bi Zainabu aliniambia siku ile ya kwanza. "Mgonjwa akikwambia 'inauma', hajakwambia kitu. Muulize yaumaje."

Akanifundisha maumivu kama mtu anavyofundishwa majina ya ndugu. Kuna kuchoma, kule kwa mbavu zenye kichomi. Kuna kukeketa na kunyonga, hayo ni ya tumbo. Kuna kuchonyota, kwa kidonda kilichoguswa na chumvi au spiriti. Halafu kuna kuwanga.

"Kuwanga?" niliuliza. "Si uchawi huo?"

Alicheka hadi akashika meza. Kwetu Majita, na kwa watu wote niliowahi kuzungumza nao Kiswahili, kuwanga kulikuwa jambo moja tu: mchawi kutoka usiku na kwenda kucheza uchi kwenye uwanja wa mwenzake. Bi Zainabu akanieleza kwamba kwao kichwa huwanga, jino huwanga, mifupa huwanga. Ni maumivu mazito ya chini chini, hayakati wala hayachomi, yamekaa tu ndani wala hayana haraka. Mtu mwenye maumivu hayo hapigi kelele, ila utaona anabadilisha mkao kila mara.

"Lakini huku bara, Bi Zainabu, watu hawatakuelewa."

"Kiswahili chetu, mwanangu. Ninyi mwaazima tu."

Kwa miaka kadhaa hakuna lililoharibika. Mgonjwa ambaye hakulijua neno alikisia kutokana na dole gumba la Bi Zainabu, ambalo lilibonyeza mahali penyewe wakati swali linatoka. Mimi mwenyewe nilianza kulipenda. Lilikuwa linasema kitu ambacho "kuuma" halikisemi.

Mayu Kabula aliletwa na mke wa mwanawe. "Mayu" ni mama kwa Kisukuma, na kila mtu mtaani alimwita hivyo. Alikuwa mjane, mwembamba, macho yake mekundu sana. Wekundu ule ulikuwa na sababu yake. Mkwe wake, Leticia, alikuwa anakaanga mapanki, yaani yale mabaki ya sangara yanayotoka viwandani baada ya minofu kukatwa, na Mayu alishinda naye kwenye moshi toka asubuhi. Masanja, mtoto wa Mayu, alikuwa ameachishwa kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba na sasa alikata minofu kwenye kiwanda kimojawapo cha samaki. Miezi michache kabla, Masanja na Leticia walikuwa wamezika mtoto wao mdogo aliyeondoka na homa. Haya yote niliyajua baadaye. Siku ile niliona tu kikongwe anayetembea ameshika kiuno.

"Mwangaluka, mayu," nilimsalimia. Hicho ndicho Kisukuma nilichokuwa na hakika nacho.

Bi Zainabu alimpandisha mezani, akavuta pazia, akamsaidia kupandisha blauzi.

"Haya mama, wapi pakuumapo?"

"Mgongo, nesi. Huku chini. Siku nyingi."

"Wachoma?"

"Hapana."

"Wakata kama kisu?"

"Hapana. Upo tu. Mzito."

Nilimwona Bi Zainabu akitabasamu kama fundi aliyepata spana inayoingia. Akateremsha dole gumba pingili moja baada ya nyingine. "Ahaa. Basi mgongo wakuwanga, mama. Sivyo? Wakuwanga?"

"Ee! Hapo hapo, nesi!"

"Na usiku ndo wakuwanga zaidi?"

"Usiku ndiyo sana," Mayu Kabula alijibu kwa sauti, amefurahi kwamba hatimaye kuna mtu anamwelewa. "Usiku silali. Mchana kidogo nafuu."

Nje ya pazia benchi likanyamaza.

Ninyi mnaosoma haya, litamkeni kwa sauti mtaona. Kwa lugha ya Bi Zainabu, mgongo ulikuwa unamuuma mama wa watu. Kwa masikio ya benchi, nesi alikuwa amepapasa mgongo wa kikongwe mwenye macho mekundu, akatangaza kwamba ni mgongo wa kuwanga, akauliza kama usiku ndiyo wa kuwanga zaidi, na kikongwe akakubali kwa furaha.

Mwanamume mmoja alicheka. Kisha wakacheka wengi. Mayu Kabula alishusha blauzi haraka, akidhani wameuona mwili wake.

"Wanacheka nini, daktali?" aliniuliza.

"Hawana adabu tu, mayu," nilisema, na uso wangu ulikuwa wa moto.

Bi Zainabu akafungua pazia kwa hasira ili awakomeshe, na hapo ndipo alipolimalizia. "Mwacheka nini? Mama wa watu mgongo wamwanga, nanyi mwacheka!" Mgongo wa mwanga, wakasikia. Mgongo wa mchawi. Safari hii hakuna aliyecheka. Leticia, aliyekuwa amekaa karibu kabisa na pazia, alikuwa amesimama na ncha ya kanga mdomoni.

Bi Zainabu alimwandikia Mayu karatasi ya kwenda hospitali kubwa kupigwa picha. Alikuwa amekwisha kushuku kifua kikuu cha mgongo: jasho la usiku, mwili uliopungua, na pingili moja iliyoanza kutokeza. Tulimsisitizia Leticia asichelewe. Aliitikia bila kututazama.

Wiki zilipita. Siku moja, zahanati ikiwa imepwaya, akaingia kijana mwenye mabuti ya mpira yaliyogandwa na magamba ya samaki. Alimwamkia Bi Zainabu shikamoo, akaitikiwa, akabaki amesimama.

"Mimi ni Masanja. Nimefuatilia majibu ya mama. Mama Kabula."

"Majibu ya picha?"

"Hapana. Yale mliyompima hapa." Aliangalia nyuma kuhakikisha hakuna mtu. "Mke wangu alisikia. Mlimbonyeza mgongo, mkaona ni wa kuwanga, na mama mwenyewe akakubali. Sikuja kugombana, nesi. Nilitaka kuuliza tu kama hilo jambo lina dawa."

Bi Zainabu alikuwa ameshika bakuli la pamba. Aliliweka chini polepole, akakaa kwenye kigoda cha mgonjwa.

"Nani kasema hayo?"

"Waliokuwa kwenye benchi. Mtaa mzima unasema. Wanasema ndiyo maana mtoto wetu alikufa."

"Na mama yuko wapi?"

"Yupo. Anakaa kule nyuma, jikoni."

"Anakula na nani?"

Masanja aliangalia mabuti yake.

Miaka ile, Usukumani, mwanamke mzee mwenye macho mekundu hakuhitaji kesi ili aitwe mchawi. Tulikuwa tumekwisha kuwaona wawili watatu, wameletwa kwenye mkokoteni, panga limekwisha kupita. Nilimtazama Masanja na kuona aibu niliyoshindwa kujua ni ya nani. Ilikuwa yake, kwa kumuuliza mgeni dawa ya mama yake. Ilikuwa ya Bi Zainabu. Ilikuwa yangu pia, maana koti langu jeupe lilikuwa limesimama pale siku ile, na kwa watu wa benchi koti lilikuwa ushahidi.

Tulifunga zahanati tukaenda. Nyumba yao ilikuwa juu kidogo, katikati ya mawe. Mayu Kabula alikuwa amekaa juu ya gunia nyuma ya jiko, na alipotuona alivuta kanga akafunika macho. Nilidhani ni jua. Kisha nikaelewa kwamba ndivyo alivyozoea sasa, watu wasiyaone.

"Nesi," alisema kutoka ndani ya kanga, "nilikukosea nini?"

Bi Zainabu alimgeukia Masanja, akamwomba amwite mwenyekiti wa mtaa na majirani wowote watakaokubali kuja.

Walikuja wengi mno. Walikaa juu ya mawe, wengine walisimama. Bi Zainabu akaeleza. Alieleza vizuri, taratibu, kama alivyonieleza mimi: kichwa huwanga, jino huwanga, mifupa huwanga. Waliangaliana.

"Kiswahili gani hicho?" mwanamke mmoja aliuliza. "Sisi tumezaliwa tunakisikia Kiswahili."

Mwalimu wa shule ya msingi, jirani yao, alijitolea kwenda nyumbani kwake kuleta kamusi. Nilishusha pumzi. Alirudi, akafunua kurasa, kidole kikashuka, kikasimama. Alisoma kimya kwanza. Aliposoma kwa sauti, sauti ilikuwa ndogo. Maana zote mbili zilikuwemo, moja chini ya nyingine.

"Kwa hiyo la uchawi limo," mwenyekiti alisema.

"Limo. Na la maumivu limo."

"Sasa nesi alikuwa na nia ya lipi?"

"La maumivu!" Bi Zainabu alisema.

"Sawa," alisema mzee mmoja, kwa upole kabisa, na upole wake ndio ulionitisha. "Na huyu mama, yeye alikubali lipi?"

Kisha wakanigeukia. Mwenyekiti akaniuliza, mimi daktari, kwetu neno hilo lina maana gani. Ningeweza kudanganya. Lakini palikuwa na Wajita wenzangu pale, wauza dagaa wa Igogo. Nikasema kweli: kwetu tunajua la uchawi tu; hilo lingine nilifundishwa na Bi Zainabu kazini. Watu wakaguna. Yule mwanamke wa kwanza akaigiza matamshi yangu, r na l zangu, baadhi wakacheka. Bi Zainabu hakunitazama. Kwa kusema kweli nilikuwa nimemwacha peke yake, na nilitamani mwamba niliokalia ufunguke.

Alisimama. Sauti yake haikuwa ile ya kwenye pazia.

"Basi mwenye neno ni mimi. Mama huyu hakulijua. Alijua kidole changu kimepata mahali panapomuuma, akaitikia. Kama hapa kuna mwanga, ni yule aliyelitamka. Mama atalala kwangu, Pasiansi. Mwenye shida naye anifuate mimi."

Hakuna aliyemzuia. Sijui kama walimwamini au waliona ni nafuu tatizo liondoke mtaani kwao. Alikwenda nyuma ya jiko, akapiga magoti kwenye majivu na magamba ya samaki, mwanamke yule aliyekuwa akipiga pasi hadi kitambaa cha kichwa.

"Niwie radhi, mama," alisema.

Mayu Kabula alinitazama mimi. "Anasemaje?"

"Anaomba msamaha, mayu."

Leticia ndiye aliyeleta kifurushi cha nguo. Alikiweka chini katikati yetu, kama mtu anayeogopa vidole vyake vigusane na vya mwenzake.

Tulimpeleka wenyewe hospitali, na picha ilionyesha mfupa ulioliwa. Daktari wa hospitali kubwa alisema tungechelewa zaidi, miguu ingekufa. Matibabu yalikuwa ya miezi mingi: sindano kila siku kwanza, kisha vidonge. Bi Zainabu alimchoma mwenyewe nyumbani, kabla ya kuja kazini. Nilikwenda kuwatembelea mara kwa mara, nikaona mambo ambayo yeye hakuyasema. Jirani aliyezoea kumsuka nywele hakuja tena. Watoto waliokuwa wakipita kuomba maji walizunguka njia ya mbali. Aliyapokea yote kama mtu anayelipia tikiti.

Kazini alibadilika. Aliliacha lile neno, na nilitegemea hivyo. Lakini aliyaacha na mengine: kukeketa, kunyonga, kuchonyota. Alimuuliza mgonjwa "inauma?" tu, kama sisi wengine, akiambiwa ndiyo anaandika. Nilimwambia siku moja kwamba tunawapoteza wagonjwa hivyo.

"Kiswahili chenu, mwanangu," alijibu. Hakuwa anatania.

Masanja alikuwa anakuja Jumapili na kipande cha sangara kwenye gazeti. Alikaa karibu na mlango. Leticia alikuja mara moja. Alipiga goti, akasema shikamoo mama, akaitikiwa marahaba, kisha yeye na Mayu wakachambua dagaa hadi ungo ukaisha, bila neno lingine. Nilikuwepo. Niliwahi kusimamia mkono ukikatwa bila dawa ya kutosha ya ganzi, na bado nitasema ule ungo wa dagaa ulikuwa mgumu zaidi kuutazama.

Mayu alipoanza kutembea vizuri kwa fimbo, Masanja alileta doti mpya ya kanga, akaomba mama arudi nyumbani.

"Mwanangu," Mayu alimwambia, "ulikwenda kuniulizia kama nina dawa."

Masanja alifunika uso kwa mikono.

"Sikulaumu. Mtoto wako alikufa. Lakini nyumbani kwako usingizi hautanijia. Nitakwenda kwa mdogo wangu, Sengerema."

Alizipokea zile kanga. Moja alijifunga pale pale, mbele yake, ili aone.

Kabla ya kuvuka ziwa, alipaswa kuonwa mara ya mwisho na yule daktari wa hospitali kubwa. Tulimsindikiza, Bi Zainabu na mimi. Pale hapakuwa hata na pazia: meza, kiti, na benchi refu la watu wanaongoja, wote masikio. Daktari alikuwa kijana mchangamfu. Aliinua picha mpya mbele ya dirisha, akatuonyesha mfupa uliopona, akatupongeza.

"Na maumivu, bibi? Bado unaumwa mgongo?"

Mayu Kabula aligeuza kichwa. Alilitazama benchi kutoka mwanzo hadi mwisho, mtu kwa mtu, kisha akavuta kanga yake mpya hadi kwenye nyusi.

"Siumwi kitu," alisema.

"Hata usiku?"

"Usiku nalala."

Daktari akaandika. Mayu akaanza kuinuka, na alipofika nusu akakwama, akashika ukuta, akabadilisha mguu mmoja na mwingine, akangoja. Bi Zainabu alikuwa ameshaunyoosha mkono kuelekea mgongo wa yule mama, dole gumba mbele. Aliusimamisha hewani. Nilimwona akifungua mdomo, akitafuta, na nikatafuta pamoja naye, na hatukupata neno ambalo tungeweza kumuuliza nalo mbele za watu.

Akaurudisha mkono, akamshikia fimbo, tukatoka.